Majina ya Mwaka wa Njaa

Askari alipogonga mlango, Ruolan alikuwa ameshika kurasa zake thelathini, zenye majina ya waliokufa mwaka wa njaa, mwaka ambao wakubwa wa mji walisema haukuwapo. Miaka tisa aliyakusanya, nyumba kwa nyumba. Akazitumbukiza kurasa katika kapu la Mzee Gao, aliyekuwa ameingia kuokota karatasi kuukuu, kwani katika mji ule maandishi hayatupwi jaani. Huchomwa hekaluni kwa heshima.

Askari akapekua hata chungu cha wali. “Na wewe babu, umebeba nini?”

“Karatasi za kuchoma, mwanangu. Nipishe, utanichelewesha.”

“Basi twende wote. Na huyu mama msomi aje ashuhudie.”

Mbele ya tanuri la hekalu, Mzee Gao alimtazama Ruolan usoni, akaelewa. Akatoa kapuni ukurasa mmoja wa majina, akaunyoosha kwa kiganja taratibu, akaugeuzia upande wa Ruolan.

“Harakisha, babu!”

“Maandishi hayakimbizwi, mwanangu.”

Ruolan akasoma, jasho likimtiririka mgongoni, akiyameza majina moja moja ili yabaki kichwani. Ukurasa wa tano ulipoingia motoni, midomo yake ilikuwa ingali ikicheza, na askari alikuwa ameanza kuitazama.