Swichi Upande wa Abiria

Mzee Mwinchumu hakuwa na karakana, hakuwa na macho ya kuunga waya bila miwani, na tangu wiki iliyopita hakuwa na mke nyumbani. Bi Mwanahawa alihamia kwa kaka yake usiku ule walipokaribia kumgonga mwendesha baiskeli gizani. Kila safari alimsihi mumewe awashe zile taa za ziada juu ya bampa, na kila safari alijibiwa, "Dereva ni mimi."

Sasa dereva alikuwa amelala chali chini ya dashibodi ya gari lake la zamani la michezo, lile la viti viwili, akihamisha swichi ya taa hizo.

"Unaliharibu, mzee wangu," jirani yake Kopwe, fundi umeme, alimcheka. "Swichi kwa abiria? Nani ataiwasha?"

"Anayeiona hatari kabla yangu."

Kopwe akamshikia waya.

Kazi ilipokwisha, mzee aliketi kwenye kiti cha mkewe, ambacho hakuwahi kukikalia, akabonyeza. Ukuta wa ua ukamulikwa kwa mwanga wa njano. Kutoka kiti kile ukuta ulionekana karibu mno.

Akaingia ndani, akaandika: "Mke wangu, swichi ya taa iko upande wako. Ukiwasha, sitauliza."

Akalamba bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikapata joto. Huko posta akaitumbukiza sandukuni, na vidole vyake vikabaki kidogo penye tundu.