Barua za Habibu Baada ya Arobaini

Siku hizi, arobaini ikipita, familia huchagua marehemu atume barua kila siku, kila wiki au kila mwezi. Mashine huziandika kutokana na yaliyomo kwenye simu yake; yakiisha, hubuni.

"Kila siku," alisema wifi yangu Mwanaisha. "Kaka yangu hakuwa bubu."

Nikakubali. Mwanzoni Habibu alinitania kuhusu vitumbua nilivyounguza siku ya posa. Kweli viliungua. Kisha akaandika juu ya mvua iliyotunyeshea Lushoto.

"Wifi, sisi hatukuwahi kwenda Lushoto."

"Labda umesahau. Ni majonzi hayo."

Leo nimefungua mipangilio ya barua nibadilishe iwe kila mwezi, nibaki na mume niliyemjua. Kidole kimesita. Nimekumbuka baridi ya Lushoto, na koti lake mabegani mwangu.