Kakakuona Amfunga Fundi wa Bao

Ngedere alikuwa fundi wa bao, na kujisifu kwake hakukuwa na mwisho. Kila asubuhi alimfunga Kakakuona. Naye Kakakuona kila alipofungwa alirudi nyumbani, akachimba mashimo ardhini kwa kucha zake, akaurudia mchezo wote mpaka aone alipokosea.

Siku moja Ngedere akamchoka. "Leo ukifungwa, bwana, usikanyage tena barazani petu!"

"Haya," akajibu Kakakuona.

Wanyama wakasongamana kutazama. Ngedere alicheza upesi upesi, huku akiwakonyeza watazamaji. Kakakuona alifikiri, akatia kete moja, akala, akazungusha, akala tena, akazungusha tena, mpaka safu ya mbele ya Ngedere ikabaki tupu!

"Kafungwa! Ngedere kafungwa!" wanyama wakapiga kelele, wakimrusha Kakakuona juu.

"Nani kakufundisha?" Ngedere akauliza.

"Wewe, kila uliponifunga."

Ngedere akauinamia ubao. "Ndugu yangu," akasema kwa sauti ndogo, "mimi nimekosea wapi?"

Kakakuona akaketi kwa furaha, akazipanga kete upya, akamwonyesha.