Figo ya Mkwe

Byarugaba, ambaye kila Jumapili baada ya misa huchoma mbuzi uani na kujaza nyumba watu, aliiopoa figo makaani ikitona mafuta, akampa mchumba wa binti yake.

"Kula, mkwe. Humu anayekula figo ni mama mkwe wako tu, leo atakununia."

Kijana akacheka, akairudisha sahani. "Nisamehe, tata. Kwa ukoo wetu figo ni muziro. Hatuili tangu enzi za babu."

Mashangazi waliokuwa wakibishania sare za harusi wakaanza kuvikunja vitambaa. Muziro huo ndio wa Byarugaba, na wenye muziro mmoja ni ndugu, hawaoani.

Baba mtu akaibana figo kwa koleo, akairudisha makaani.

Binti yake, tumbo la miezi saba, bado alikuwa anatabasamu. "Kumbe kama sisi, tata."