Hedifoni za Maalim Shibli

Kwa miaka ishirini Maalim Shibli ndiye aliyesoma mlango wa kisimamo, ule usomwao watu wote wakiwa wamesimama, katika Maulidi ya mtaa wao. Mwaka huu wazee walimpa mlango huo Hatibu, ambaye sauti yake iliwatoa watu machozi. Maalim akanunua hedifoni ghali kuliko zote dukani, kwa kuwa muuzaji alimwapia kwamba hata ufa mwembamba wa sauti ungesikika. Alitaka ufa mmoja tu, aupeleke kwa wazee.

Alasiri alifungua kisomo cha Hatibu kilichorekodiwa kwa simu upande wa wanawake, akafumba macho. Akasikia feni, sahani zikigongana, mtu akikohoa, na Hatibu kwa mbali kama aliye ndani ya mtungi.

"Zimekufaa, Maalim?" aliuliza mkewe, Mwanakheri, akichambua mchele.

"Zimenihini. Nimenunua kikohozi cha Mzee Faki."

"Basi redio yetu kuukuu ilikusitiri na kelele kama hizo."

Hakucheka. Alirudisha nyuma, akaongeza sauti. Hapo, karibu kabisa na simu, mwanamke alishusha pumzi ndefu, akanong'ona, "Mashaallah."

Maalim aliijua pumzi ile. Alikuwa amelala kando yake miaka thelathini, na hakupata kuisikia ikishushwa kwa ajili ya kisomo chake.

"Umeliona kosa lake?" aliuliza Mwanakheri.

Maalim alizivua hedifoni, akamvisha mkewe taratibu juu ya ukaya aliojitanda kichwani, akarudisha nyuma tena, akabonyeza. Kisha akakaa akiitazama mikono ya mkewe, ambayo ilikuwa imetulia katikati ya mchele.