Televisheni Haihesabiwi

“Mwanangu, mieleka hii haimalizi bando la nyumba?”

Vailet alimwekea baba yake mkubwa kikombe cha chai. “Hapana, baba mkubwa. Programu za televisheni hazihesabiwi. Tazama hadi uchoke.”

Ulikuwa uongo. Bando la mwezi lilikuwa na kikomo, na hakuna kilicholila kama televisheni.

Mzee Raphaeli alifika kwa Vailet, Kibaha, Jumatano akitokea Chole, Kisarawe, ambako mtandao ni wa kubahatisha. Jumamosi saa nane mchana kulikuwa na kikao cha ukoo kwa njia ya video. Ndugu walikwisha kutawanyika, lakini utaratibu ulibaki uleule: mkubwa wa ukoo asipoonekana na kusikika hadi mwisho wa kikao, mara tatu mfululizo, kiti chake huhamia kwa mdogo wake. Mzee alikuwa amekosa viwili.

Vailet alisubiri cha tatu. Miaka sita iliyopita, arobaini ya baba yake ikiwa haijatimia, mzee huyuhuyu alitia kufuli nyumba yao na kulitwaa shamba la mikorosho, kwa kuwa mkubwa wa ukoo ndiye mwenye neno la mwisho juu ya ardhi. Mama yake, Laurentia, alitoka Chole na godoro kichwani. Alifia katika chumba cha kupanga, akiuliza kama mikorosho imetoa maua.

“Mpige! Huyo wa kaptula nyekundu ni mwizi!” mzee alifoka.

“Wezi wako wengi, baba mkubwa,” Vailet alisema, akaupandisha ubora wa picha hadi mwisho.

Ijumaa mzee alimwomba kalamu. “Majina yako matatu yanaandikwaje kwenye kitambulisho?”

Vailet alimtajia. “Unataka niwe shahidi wa nini tena?”

“Kesho utasikia, mama.” Akairudisha bahasha ya kaki ndani ya koti ambalo hakulivua hata kwa joto lile.

Jumamosi, saa saba na nusu, ujumbe uliingia kwenye simu ya Vailet: bando la nyumba limebaki asilimia moja. Akaizima simu.

Saa nane nyuso za ndugu zilijitokeza kwenye kompyuta. Mzee alisimama, akaweka kola sawa.

“Ndugu zangu, kabla ya yote, kuhusu lile shamba la marehemu…”

Nyuso ziliganda. Kisha zikapotea.

“Nini tena? Mwanangu, lete simu yako, haraka!”

“Imeisha chaji. Pole sana, baba mkubwa.”

Baada ya saa moja aliiwasha, akamsomea ujumbe wa ukoo neno kwa neno, kama anayesoma hukumu. Kiti kimehamia kwa Fabian, mdogo wake mzee. Fabian ameidhinisha shamba la Chole liuzwe. Mnunuzi amekwisha kupatikana.

Liuzwe, Vailet aliwaza. Afadhali mgeni kuliko huyu. Pumzika sasa, mama.

Mzee aliingiza mkono ndani ya koti. Alitoa bahasha, akaisukuma taratibu mezani hadi mbele yake. Ndani mlikuwa na hati ya kurudisha shamba la mikorosho, yenye muhuri wa kijiji, na majina matatu ya Vailet kwa mwandiko uliotetemeka.

“Ilibaki niisome mbele yao,” alisema, “nikiwa bado mkubwa wa ukoo.”