Lori Lililobaki Uani

Wanaume wanne walimbeba Mashavu kwenye kitanda cha kamba, wakampitisha kando ya lori zima lenye mafuta. Uchungu wa kujifungua ulikuwa umemshika tangu jana, mtoto hashuki, na daktari wa serikali alikuwa Mtunda akichanja watu ndui.

Lori lilikuwa la baba yake, Mshamu. Leseni yake ilikuwa imekwisha, na usajili wa gari vilevile. Vyote huongezwa bomani Utete, ng'ambo ya mto, na tangu ndui iingie kivuko cha Ndundu kilifungwa. Njia ya Mtunda ilikuwa na askari wa karantini. Mwaka uliopita Mshamu alifungwa kwa leseni iliyoisha, akatoka na kikohozi ambacho hakijamwacha.

"Lakini Nassibu alisema," mkewe Mwamvua alimkumbusha kabla hawajatoka.

"Nassibu huyu ninayemjua mimi?"

Nassibu alikuwa mtoto wa mjomba wake, kwa hiyo mtani wake, na tarishi wa baraza la Kibiti. Juzi alisimamisha baiskeli mlangoni.

"We Mshamu, umejifungia kama mwali? Endesha! Serikali imesogeza mbele tarehe za leseni zote na usajili wa magari yote mpaka ndui iishe. Hata hilo kopo lako."

Akaondoka anacheka, kuelekea vijiji vya mbele. Mshamu naye alicheka. Ni Nassibu huyuhuyu aliyewahi kumtuma Utete kwa miguu akachukue matairi ya bure. Hata alipozikwa baba yake Mshamu, Nassibu alijilaza kaburini, akadai yeye ndiye aliyetangulia kufika. Watu walicheka huku wanalia.

"Mwingereza asogeze tarehe?" Mshamu alimwambia mkewe. "Wakinikamata watalizuia lori, na Mashavu yumo ndani. Tutambeba."

Akashika mguu wa kitanda mwenyewe, mbele, upande wa kichwa cha mwanawe. Mchanga ulikuwa mzito na jua kali. Mashavu ndiye mtoto pekee waliyebaki naye, na kila alipolia, Mshamu alijilaumu na kuongeza mwendo. Walipokaribia Mtunda Mashavu alinyamaza. Wakakigeuza kitanda.

Kesho yake adhuhuri walimzika, yeye na mtoto wake tumboni. Wakati wanafukia, baiskeli ya Nassibu ilionekana njiani, na watu wakampisha kama desturi. Mshika jembe alisimama kumngoja. Mshamu naye alimngoja. Moyo wake ulikuwa umekufa, akatamani hata mzaha wa huyu mpuuzi, apate kupumua kidogo.

Nassibu hakutania. Alimsogelea, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Kwani lori liliharibika?"